Redio ya mtandaoni imegoma: tuanzie wapi?

Watu wanaoniletea simu, au kunipigia kutoka mbali, hutumia maneno yale yale: haishiki, inazunguka tu, inakatakata, inaonyesha inacheza lakini kimya. "Haishiki" ni neno la enzi za FM, za kuvuta antena na kusogeza redio dirishani. Kwa redio ya mtandaoni linatupoteza, kwa sababu hapa hakuna wimbi la kushika. Kuna safari ya mikono minne, na kazi yetu ni kujua ni mkono upi uliodondosha mzigo.

Mkono wa kwanza ni studio: sauti ya maiki inaingia kwenye kompyuta inayoibana kuwa MP3 au AAC, aina mbili za sauti iliyobanwa ili iwe nyepesi. Wa pili ni seva, ambayo mara nyingi inaendeshwa kwa programu za Icecast au SHOUTcast, na kazi yake ni kumgawia kila msikilizaji nakala yake. Hapo ndipo inapoachana na mnara wa FM. Mnara haujui kama unasikilizwa na mtu mmoja au laki moja, unarusha tu. Seva yenye mkondo, yaani sauti inayotiririka bila kusimama, wa kilobiti 64 kwa sekunde na wasikilizaji 100 inasukuma kilobiti 6,400 kila sekunde, na mtu wa 101 akija inaongeza zingine 64. Mkono wa tatu ni njia: nyaya za chini ya bahari, mtandao wa simu, ruta ya nyumbani. Wa nne ni kifaa chako, ambacho kwanza hukusanya akiba ya sekunde kadhaa, ile tunayoiita bafa, ndipo kianze kuongea.

Karibu kila mtu huulaumu mkono wa nne. Nimeona mtu amenunua simu mpya kumbe kule studio umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mipangilio yoyote, fanya majaribio matatu. Fungua kituo kingine kwenye simu hiyo hiyo: kikicheza, simu yako na bando lako havina kosa. Kama vituo vyote vimegoma, badili njia, yaani toka kwenye Wi-Fi uende kwenye data, au omba hotspot ya mtu mwenye laini ya kampuni nyingine. La tatu, mwambie ndugu aliye mji mwingine afungue kituo kile kile. Kikimgomea na yeye, tatizo liko kwenye kituo. Weka simu chini, ukanywe chai.

Inazunguka tu, haianzi

Sababu ya kwanza, na inaziacha nyingine mbali, ni bando. Siyo kwamba limeisha: ni bando la mitandao ya kijamii. WhatsApp inaingia, Facebook inafunguka, mtu anaapa kwamba "data ninayo", lakini mkondo wa redio haumo kwenye bando hilo. Usipime kwa WhatsApp. Fungua tovuti yoyote ya kawaida, ya gazeti kwa mfano. Ikikataa, jibu umelipata.

Inayofuata ni Wi-Fi ya hoteli, uwanja wa ndege au hospitali inayotaka uingie kwanza kwenye ukurasa wao na kukubali masharti. Alama ya Wi-Fi inaonekana imejaa, ila mlango bado umefungwa. Fungua kivinjari, ukurasa wao utajitokeza.

Kisha kuna anwani iliyochakaa. Programu za kukusanya vituo huhifadhi anwani ya mkondo ya siku ile kituo kilipoandikishwa. Kituo kikihamia seva nyingine bila kutoa taarifa, programu inaendelea kubisha hodi kwenye nyumba tupu. Nenda kwenye tovuti ya kituo chenyewe, ubonyeze kitufe chao cha kusikiliza. Wenye zile redio za mezani za Wi-Fi zinazouzwa sana Ulaya wanalijua hili kwa uchungu zaidi. Redio hizo hutegemea orodha ya vituo inayotunzwa na kampuni nyingine kabisa. Mwaka 2019 redio nyingi zenye chipu za Frontier zilihamishwa kutoka orodha ya vTuner kwenda ile ya Airable, vituo ambavyo watu walikuwa wamevihifadhi vikapotea. Mwaka 2021 huduma nyingine ya orodha, Reciva, ikafungwa, na redio zilizoitegemea zikabaki kama kabati lenye spika. Redio nzima, haina hitilafu hata moja, ila haina pa kuuliza. Kama yako ni ya kundi hilo, fundi hana cha kufungua. Tafuta kama ina tundu la waya wa sauti, uunganishe simu, uitumie kama spika.

Ukibonyeza "sikiliza" halafu simu ikapakua kijifaili kidogo chenye mwisho wa .pls au .m3u, usidhani kimeharibika kwa kuwa kina kilobaiti moja. Ndivyo kilivyo: ndani yake mna maandishi tu, anwani ya mkondo. Kifungue kwa VLC, programu ya bure ya kucheza sauti na video, kitacheza, au kifungue kama maandishi, unakili anwani uibandike mwenyewe kwenye VLC, sehemu ya kufungua mkondo wa mtandao. Kwenye kompyuta ni Ctrl na N.

Dawa hiyo hiyo ya VLC inatibu ugonjwa mwingine usio na dalili zake: anwani ya tovuti ya kituo inaanza na https, ile njia yenye usalama, lakini mkondo wenyewe bado ni http ya zamani, isiyo nao. Tangu 2020 Chrome inapokutana na mchanganyiko huo hujaribu kuuvuta mkondo kwa https kwa nguvu, na kama seva haina, kimya. Kosa ni la aliyeitengeneza tovuti.

Bado inazunguka? Tazama saa na tarehe ya simu. Simu iliyokaa muda mrefu bila chaji ikiwaka na kudhani tuko mwaka 2015, itakataa vyeti vya usalama, vile vinavyothibitisha kwamba seva ni yenyewe, vya seva karibu zote. Irudishe kwenye saa ya mtandao. Na kama ni Android kuukuu, chini ya 7.1.1, tatizo la vyeti linaweza kuwa la kudumu: seva nyingi hutumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, na simu hizo hazina cheti chake kikuu cha sasa. Njia ya zamani iliyokuwa ikizibeba ilifikia kikomo Septemba 2024. Kabla hujaitupa simu, weka toleo la Firefox ambalo simu hiyo inalikubali, kwa kuwa Firefox hubeba orodha yake ya vyeti na haitegemei ya simu.

Ofisini kuna sababu yake. Icecast kwa kawaida husikiliza kwenye mlango namba 8000, na mitandao mingi ya ofisi huruhusu milango ya tovuti za kawaida tu. Redio inayocheza nyumbani na kugoma kazini ni hii. Usianze kuchokonoa ruta ya mwajiri. Mwone mtu wa IT, au tumia data yako.

Mwisho, seva imejaa. Vituo vidogo hukodi nafasi za wasikilizaji kwa idadi, na siku ya Simba na Yanga idadi hiyo inaisha kabla timu hazijaingia uwanjani. Dalili yake: siku za kawaida kinacheza, siku ya mechi kinakataa, na ukibahatika kuingia hakikutoi. Ingia mapema, usitoke.

Inaanza vizuri, halafu inakatakata

Fikiria bafa kama ndoo iliyo chini ya bomba, na wewe unachota kwa kikombe. Mkondo wa kilobiti 64 unachota kilobaiti 8 kila sekunde (biti nane ni baiti moja), kidogo sana. Hata mtandao wa taratibu unaweza kuijaza ndoo hiyo, mradi maji yasikatike. Redio haihitaji mtandao wa kasi, inahitaji mtandao usiokatika. Ndiyo maana mtu anapima kasi, anaona namba kubwa, na redio bado inakwama: kipimo kimemwonyesha nguvu ya bomba kwa sekunde kumi, hakikumwambia maji hukatika kila dakika ya tatu.

Mara nyingi chanzo ni mawimbi hafifu ndani ya nyumba, au mnara uliolemewa kati ya saa mbili na saa tano usiku wakati mtaa mzima uko kwenye video. Sogea dirishani kwanza. Halafu jaribu kitu ambacho wengi hukiona kama kurudi nyuma: zima 4G, ubaki kwenye 3G. Simu iliyo ukingoni mwa 4G inaruka huku na huko kati ya mitandao miwili, na kila ikiruka ndoo inakauka. Ikitulia kwenye 3G, redio hutulia nayo.

Kwa wanaotumia Wi-Fi ya nyumbani, uliza nani anapakua nini. Simu ya mtoto inayosasisha michezo hula bomba lote. Pima pia umbali: kuta mbili za matofali kati yako na ruta zinatosha kuleta balaa.

Kama kituo kina mikondo miwili, chukua ule mwepesi. AAC ya kilobiti 32 ya toleo la HE, linalobana sauti zaidi, inasikika vizuri kwa mazungumzo na taarifa ya habari, ingawa taarab itapoteza utamu wa vinanda. Kwenye VLC unaweza pia kuongeza bafa: mipangilio yake huihesabu kwa milisekunde, weka 5000 au hata 10000. Utachelewa kidogo kuanza, utasikiliza kwa amani.

Kuna kukatika kunakotoka studio, na kunajulikana: simu mbili, kwenye mitandao miwili tofauti, zinaruka neno lile lile la mtangazaji. Hapo intaneti ya studio ndiyo inayolegea, hakuna utakachofanya zaidi ya kuwaarifu. Wapelekee saa kamili ya tukio, hilo ndilo linalomsaidia fundi wao. "Redio yenu mbovu" haimsaidii.

Na mara moja moja mkosaji ni bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kwa wakati mmoja. Siku ile nilijibu simu nyingi kuliko siku ya fainali. Kituo kinaweza kuwa mtaa wa pili kutoka kwako, lakini kama seva waliyokodi iko Ulaya au Marekani, sauti inavuka bahari kwenda na kurudi ndipo ikufikie.

Inazima skrini ikizimika

Hapa simu inajifanya mlezi. Android nyingi huua programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili kuokoa betri, na baadhi ya watengenezaji wamezidisha ukali. Nenda Mipangilio, Programu, chagua programu ya redio, ingia Betri, uiruhusu bila vikwazo. Tazama na Kiokoa Data: kikiwa kimewashwa, iweke programu hiyo kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Baada ya kusasisha mfumo wa simu, rudia kukagua, maana mipangilio hii hupenda kurudi ilikokuwa.

Kama unasikilizia kwenye kivinjari, hamia kwenye programu au VLC. Na kama unasikiliza kituo kupitia matangazo yake ya moja kwa moja YouTube, hujakosea, ila unalipia picha ya studio usiyoitazama, na bila usajili wa kulipia sauti kwa kawaida hukatika ukifunga skrini.

Inaonyesha inacheza, sauti hakuna

Usicheke, lakini cha kwanza ni sauti ya simu. Kitufe cha pembeni wakati mwingine hupandisha mlio wa simu na kuacha sauti ya muziki zironi. Pandisha huku redio inacheza.

Cha pili ni Bluetooth. Redio inacheza kweli, tena kwa nguvu, kwenye sabufa ya chumba cha pili au kwenye gari la shemeji lililoegeshwa nje. Zima Bluetooth, usikilize.

Cha tatu, uchafu kwenye tundu la hedifoni: simu inadhani waya umechomekwa. Puliza, au tumia brashi laini kavu simu ikiwa imezimwa. Pini na sindano weka mbali. Nimepokea simu ambazo ugonjwa wake wa kwanza ulikuwa vumbi, na wa pili, ulio ghali, ukaletwa na sindano.

Kwenye kompyuta, vivinjari mara nyingi havianzi kutoa sauti mpaka ubonyeze kitu kwenye ukurasa. Bonyeza kitufe cha kucheza mara moja, usingoje kianze chenyewe.

Halafu kuna ukimya wa studio. Niliwahi kukaa na redio ya mzee mmoja nusu saa nzima, nimebadili waya, nimewasha na kuzima, nimeingia mpaka kwenye ruta. Mkondo ulikuwa unakuja vizuri, bafa imejaa. Kumbe kule studio mtangazaji alikuwa amesahau kupandisha sauti ya kompyuta kwenye mikisa, FM inacheza na mtandaoni hakuna kitu. Tangu siku hiyo naanza na kituo kingine, kila mara.

Kama simu inasikika kwa spika yake lakini sabufa inavuma au iko kimya, badili waya, badili tundu. Ukifika hapo bado inavuma, simama. Usiifungue. Ndani ya amplifaya mna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi, na zinaweza kukurusha. Hiyo ni kazi ya fundi. Ukisikia harufu ya kuungua, chomoa ukutani kwanza, maswali baadaye.

Inamaliza bando

Hesabu haijifichi. Saa moja ya kilobiti 32 ni takriban MB 14, kilobiti 64 ni MB 29, kilobiti 128 ni MB 58. Anayelala na redio ya 128 kwa saa nane ameamka amekula MB 460, na hakusikia hata taarifa ya habari. Programu nyingi zina kipima muda cha kulala, kiweke dakika 30.

Pia hakikisha unajua unachosikiliza. Programu ya FM iliyokuja na simu, ile inayodai uchomeke hedifoni kwa kuwa waya ndio antena yake, haili data hata kidogo. Kama kituo chako kinafika kwa FM mahali ulipo, sikiliza huko, bando ulitunzie mambo mengine.

"Haipatikani katika nchi yako"

Ndugu wa Uingereza hulileta hili zaidi ya wengine. Simu si mbovu. Mahakama Kuu ya London iliamua mwaka 2019, na rufaa ikakazia 2021, kwamba TuneIn, programu inayokusanya vituo vya redio, kuwaunganisha wasikilizaji wa Uingereza na vituo vya nje visivyo na leseni ya muziki ya huko ni kukiuka hakimiliki. TuneIn ikavifunga vituo vya nje kwao mwaka 2020, na Radio Garden, ile ramani ya dunia yenye vitone vya kijani kutoka Amsterdam, ikafuata 2022. Kinachozuiwa hapo ni mkusanyaji. Fungua tovuti ya kituo chenyewe au programu yake, na mara nyingi utaingia bila shida.

Matangazo ya mpira ni jambo jingine. Haki za kutangaza huuzwa nchi kwa nchi, kwa hiyo kituo kinaweza kucheza wiki nzima na kunyamaza dakika tisini tu. Hapo hakuna mpangilio wa kubadili.

Jirani anashangilia goli kabla yangu, au kipindi sikikuti

La kwanza si hitilafu. Ndoo ya studio, ndoo ya seva na ndoo ya simu yako kwa pamoja huweza kukuchelewesha nusu dakika, na mikondo ya HLS, inayokuja kwa vipande vya sekunde chache chache, huchelewa zaidi. Ukisimamisha kwa muda kisha ukaendelea, baadhi ya programu hukurudisha pale ulipoachia na kuongeza ucheleweshaji. Funga kabisa, ufungue upya.

La pili ni saa. Shangazi yangu aliye Muscat alinilalamikia majuma mawili: "Mwanangu, kipindi cha taarab wamekiondoa." Hawakukiondoa. Cha saa tatu usiku Zanzibar ni saa nne usiku kwake. London kipindi hicho ni saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto, kwa sababu wao husogeza saa nasi hatusogezi. Toronto ni saa saba mchana wakati wa baridi, saa nane wakati wa joto.

Simu kuukuu iliyogeuzwa redio ya jikoni

Hii nimeiacha mwisho kwa kuwa ndiyo pekee inayonitia hofu. Watu wengi, nami nimewashauri hivyo, huchukua simu ya zamani, wakaiweka juu ya friji imechomekwa chaja saa ishirini na nne, ikawa redio ya nyumba. Inafanya kazi vizuri sana. Lakini betri inayokaa imejaa siku zote, tena kwenye joto la jikoni, huzeeka haraka na inaweza kuvimba.

Kila wiki igeuze uitazame mgongoni. Kama kioo kimeanza kuinuka, mfuniko haukai, au simu inayumba ukiilaza mezani, izime, chomoa chaja, wala usiichaji tena hata "kwa dakika tano tu". Usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiitupe kwenye moto wala kwenye jaa. Iweke juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na pazia na mtungi wa gesi, uipeleke kwa fundi anayebadili betri siku hiyo hiyo. Ikianza kutoa moshi usiishike tena: toa watu nje ya chumba, piga simu zimamoto.

Kwa simu ambayo bado nzima, weka swichi ya saa kwenye soketi ili chaja iwake saa chache tu kwa siku, na uitoe juu ya friji. Shangazi ameiweka yake kwenye dirisha la sebule, upande usiopigwa na jua.